Kompyuta ya mtumba na barua ya chifu yenye makosa

Katika saiba za barabara inayotoka Ngong kupitia Matasia hadi Kiserian, si ajabu kompyuta kuwashwa asubuhi ikatoa kioo cheusi chenye maandishi meupe yanayotaka ubonyeze F1 ndipo iendelee. Mhudumu hubonyeza bila kusoma, Windows ikatokea, na mteja wa kwanza akaketi kujaza fomu yake ya eCitizen. Maandishi yale ni malalamiko. Mashine inasema haijui leo ni tarehe ngapi, au kwamba mipangilio iliyowekewa imepotea, na hakuna anayeisikia kwa sababu yupo anayeubeba mzigo huo kwa niaba yetu. Mbebaji huyo ni mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au mwingine. Hoja yangu ni kwamba mfumo endeshi unafanya vyema kuyavumilia makosa ya mashine iliyo chini yake, na kwamba watu wa mahali kama Matasia, ambako kompyuta nyingi hufika zikiwa zimekwisha kumtumikia mtu mwingine ng'ambo, wananufaika na uvumilivu huo kuliko hata aliyezinunua zikiwa mpya. Ila uvumilivu huo una kikomo, nasi tunakigundua tukiwa tumechelewa kwa kuwa hatukuuliza siku ya kununua.

Mkenya yeyote anaijua barua ya chifu. Unakwenda nayo kuomba basari ya mtoto au kufuatilia kitambulisho. Afisa anayeipokea hajawahi kufika kwako. Anaamini kilichoandikwa, na chifu akikosea jina la baba yako, kosa hilo litakufuata ofisi hadi ofisi. Kompyuta nayo ina chifu wake. Unapoiwasha, prosesa haijui chochote, hata kwamba ina kumbukumbu ya kufanyia kazi. Inasoma kwanza programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya chipu kwenye mazabodi, ambayo vitabu vyetu huiita programu dhibiti na mafundi huiita BIOS, ingawa kwenye mashine za miaka ya karibuni jina lake rasmi ni UEFI. Programu hiyo huiamsha kumbukumbu, hutambua diski, kisha humkabidhi mfumo endeshi majedwali yanayoeleza mashine nzima. Utaratibu wa majedwali hayo, unaoitwa ACPI, ulitolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Ndani yake hamna maelezo tu, mna pia maagizo: ukitaka kuilaza mashine fanya hivi, ukitaka kujua betri imebaki kiasi gani soma pale. Ni kama barua ya chifu inayomwamuru afisa afungue kabati fulani, naye afisa akatii.

Makosa hujaa humo kwa sababu isiyo na siri yoyote. Barua hizi huandikwa haraka, kwa ajili ya modeli itakayouzwa kwa misimu michache, na mtihani mkuu wanaofanyiwa waandishi wake ni mmoja: je, Windows imewaka? Ikiwaka, mzigo unaondoka kiwandani. Yale ambayo Windows haikuuliza hayakujaribiwa na mtu. Ndiyo maana Linux, mfumo unaojivunia kuanika kila mstari wake hadharani, ulilazimika kujifunza kusema uongo kuhusu jina lake. Majedwali yakiuliza kama mgeni aliyefika ni Windows ya toleo fulani, Linux hujibu ndiyo, na yakiuliza kama ni Linux, kwa kawaida hujibu hapana. Njia iliyoandikwa kwa ajili ya Windows angalau kuna mtu aliyepita. Ile nyingine huenda imeota nyasi. Mwaka 2012 mhandisi Matthew Garrett alieleza kisa cha Lenovo ThinkCentre M92p, kompyuta ya mezani ambayo programu yake dhibiti iliangalia hata jina la mfumo unaotaka kuwaka: ukiitwa Windows Boot Manager au Red Hat Enterprise Linux unapita, ukiitwa kingine unabaki mlangoni.

Mifano ya aina hii ni mingi mno, na michache inatosha. Kitendo cha kuizima kompyuta na kuiwasha upya, ambacho mtu angedhani ni rahisi kuliko vyote, hakina njia moja inayofanya kazi kwenye mashine zote, kwa hiyo Linux hujaribu njia moja, ikigoma hujaribu ya pili, kisha ya tatu. Ndani yake mna orodha ya modeli zinazohitaji kutendewa kwa namna ya pekee, na humo zimo Dell OptiPlex kadhaa, kama 330, 745 na 990, familia ile ile ya mashine inayojaza maduka ya ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, jijini Nairobi. Wapo pia machifu wanaochora juu ya karatasi za wengine. Programu dhibiti za mashine fulani ziligunduliwa zikiandika vitu vyao ndani ya kumbukumbu ambayo zilikuwa zimeshamkabidhi mfumo endeshi, hasa kompyuta inapolala na kuamka. Linux ilianza kwa kuliepuka eneo dogo la mwanzo wa kumbukumbu, na mwaka 2021 ikaamua kutoigusa kabisa megabaiti 1 ya kwanza, kwenye mashine zote, nzima na mbovu. Ni kama mwenye shamba anayeacha ukanda usiolimwa mpakani kwa kuwa hajui ni jirani yupi ana ng'ombe watoro.

Lakini hakuna mahali makosa haya yanapomgusa mwananchi kama kwenye saa. Kwenye mazabodi kuna betri ya mviringo yenye ukubwa wa sarafu, CR2032 ya volti 3, na kazi yake ni kuiweka saa hai wakati kompyuta haina umeme. Kompyuta ya mezani ikiachwa imechomekwa, hata ikiwa imezimwa, saa hula umeme wa ukutani na betri hupumzika. Sisi hatuiachi. Soketi huzimwa jioni kwa hofu kwamba stima itapotea na kurudi kwa kishindo, au kwa kuhurumia tokeni. Stima yenyewe ikipotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, betri ndiyo inayobaki zamu. Juu ya hayo, mashine iliyokaa ofisini Uingereza miaka saba au minane na kusafiri baharini ndani ya kontena bila umeme, mara nyingi hufika na betri ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikifa, kila soketi inapozimwa saa hurudi kwenye tarehe aliyoiweka mtengenezaji, pengine Januari 1 ya mwaka ambao mtumiaji wake wa leo alikuwa darasa la pili.

Zamani hilo lilikuwa jambo la kuchekesha tu, barua ikichapishwa na tarehe ya ajabu. Leo linafunga milango. Kila tovuti ya maana ina cheti cha kuithibitisha, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Tangu 2020 vivinjari vikuu havikubali vyeti vipya vya zaidi ya siku 398, na wahusika wamekubaliana kuvifupisha hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo 2029. Kompyuta inayodhani huu ni mwaka 2012 inapooneshwa cheti kama hicho huona kitu ambacho hakijazaliwa, nayo hukikataa. iTax haifunguki, wala eCitizen, wala benki. Mteja hulaumu mtandao, mhudumu huzima ruta na kuiwasha, na hakuna anayeitazama saa iliyo kwenye pembe ya kioo.

Dawa inaonekana nyepesi, yaani kompyuta iulize saa kwa seva iliyo mtandaoni. Tatizo ni kwamba ili uiamini seva kwa njia salama unahitaji kukagua cheti chake, na ili ukague cheti unahitaji kujua leo ni lini. Duara hili limewasumbua wahandisi, na tofauti ya majibu yao inafundisha mengi. Linux nyingi za sasa hutumia kanuni ya kiasi: saa haiwezi kuwa nyuma ya siku programu hii ilipotengenezwa, na wakati wa mwisho kujulikana huandikwa kwenye diski ili mashine ikiamka bila kumbukumbu ianzie hapo. Haidai kuijua saa kamili. Inakataa tu upuuzi ulio wazi. Windows, kwenye kompyuta isiyo chini ya seva ya ofisi, kwa mipangilio yake ya kawaida hukataa kujisahihisha kosa likizidi saa 15, kwa hiyo Microsoft iliongeza katika Windows 10 mbinu ya kukisia wakati kutokana na taarifa ambazo seva hutoa mazungumzo ya siri yanapoanza. Mwaka 2023 zilitoka habari kwamba mbinu hiyo ilikuwa imezitupa saa za baadhi ya seva wiki kadhaa mbele, na wasimamizi wake wakashauriana kuizima. Kwa maoni yangu njia ya Linux ni bora, kwa sababu tu inajua kutojua. Hata hivyo zote mbili zinafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na betri moja ndogo.

Wapo watakaonijibu kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Ikiwa mfumo endeshi unafunika kila uzembe wa mtengenezaji, mtengenezaji atajirekebisha lini? Hoja hii ni nzito na sitaki kuipita kwa haraka. Ni kweli kwamba miaka mingi ya kufunikiwa imewazoesha baadhi ya viwanda kutojali. Lakini tujiulize ni nani anayechapwa mfumo endeshi unapogoma. Kampuni iliyoiunda kompyuta ile ilishalipwa miaka kumi iliyopita, na haina hata kumbukumbu kwamba mashine yake imefika Matasia. Anayebaki mbele ya kioo cheusi ni mwanafunzi mwenye fomu ya HELB inayofungwa usiku huo. Adhabu isiyomfikia mkosaji haimfunzi. Isitoshe, kufunika na kuficha si kitu kimoja. Linux inapokutana na kosa la aina hii huendelea na kazi, lakini huandika katika daftari lake, kwa maneno makavu, kwamba hitilafu ni ya programu dhibiti. Orodha ya modeli zenye matatizo iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Huo ni ushahidi, na ushahidi huo wanaonunua mashine elfu moja kwa mpigo wangepaswa kuudai. Windows ni kimya zaidi kuhusu nani alikosea, na hapo wakosoaji wana haki ya kulalamika.

Wengine watauliza kwa nini tusiisasishe tu BIOS yenyewe. Kwa anayeuliza akiwa London jibu ni jepesi. Kwa Matasia kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba watengenezaji huacha kutoa masahihisho baada ya miaka michache, na kompyuta ya ex-UK hutufikia karibu na mwisho wa kipindi hicho au ikiwa imekipita. La pili ni stima. Kuandika upya chipu ya mazabodi huchukua dakika chache, na kwenye mashine nyingi umeme ukikatika katikati ya dakika hizo unabaki na chifu aliyekufa akiandika sentensi. Kompyuta haiwaki tena mpaka fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu aifungue. Laptopu yenye betri nzima inaweza kuthubutu. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS inacheza kamari. Usumbufu wa kusasisha, si hatari hii, unapunguzwa na huduma ya LVFS, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Richard Hughes wa Red Hat, ambapo watengenezaji huweka masahihisho yao na Linux huyachukua yenyewe bila mtu kuhangaika kutafuta faili. Nayo hutegemea kama mtengenezaji amekubali kuweka chochote.

Linganisha na lililotokea Januari 2018, udhaifu wa prosesa uliopewa majina Meltdown na Spectre ulipotangazwa. Sehemu ya tiba ilikuwa marekebisho ya ndani ya prosesa yenyewe, na hayo yanaweza kupakiwa na mfumo endeshi kila kompyuta inapowaka, bila chipu ya mazabodi kuguswa. Stima ikipotea hakuna kinachoharibika. Mashine ikiwashwa, dozi inatolewa upya. Kompyuta ambayo mtengenezaji wake aliitelekeza inaweza kuipata tiba hiyo, mradi Intel bado inaijali prosesa iliyomo. Faida nyingine ilionekana mwezi ule ule: toleo la kwanza la marekebisho lilifanya baadhi ya mashine zijizime na kujiwasha zenyewe, Intel ikaomba lisitumike, na waliokuwa wamelipata kupitia mfumo endeshi wakaliondoa kama mtu avuavyo koti. Kilichokwisha kuandikwa kwenye chipu hakivuliwi kwa urahisi hivyo.

Haki inadai niseme pia kwamba mbebaji huyu naye amewahi kuuangusha mzigo. Mapema mwaka 2013 laptopu kadhaa za Samsung ziligeuka matofali baada ya kuwashwa na Linux. Uchunguzi ulionyesha kwamba nafasi ya kuhifadhia mipangilio ndani ya chipu ikijazwa kupita kiasi, programu dhibiti ilishindwa kuamka tena, na kwamba hata programu ya Windows ingeweza kuleta maafa yale yale. Kosa lilikuwa la Samsung, lakini mkono uliolisukuma ulikuwa wa Linux. Desemba 2017 Canonical iliondoa Ubuntu 17.10 kwenye ukurasa wake wa kupakulia baada ya sehemu moja ya mfumo huo kuvuruga chipu za laptopu, nyingi zikiwa za Lenovo. Kutokana na kisa cha Samsung, mwanzoni Linux ilijiwekea kanuni ya kutojaza zaidi ya nusu ya nafasi ile. Ukizikagua kanuni zake za namna hii, utaona kila moja ina kovu chini yake.

Kikomo nilichokitaja mwanzoni kilijitokeza wazi Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipoacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, UEFI yenye uwezo wa kuhakiki kinachowaka, na kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, zilizoanza kuuzwa 2017. OptiPlex nyingi zilizo kwenye meza za saiba zetu hazifuzu. Na hata zilizofuzu zina jambo lao: vyeti vya mwaka 2011 vinavyotumika kuhakiki mfumo unapowaka vinaanza kuisha muda Juni 2026. Mashine haitazimika siku hiyo, ila isiyopata vyeti vipya itakosa kinga mpya za hatua ile ya kuwaka. Microsoft huvisambaza vipya kupitia Windows yenyewe, na mashine nyingine zinahitaji kwanza sahihisho kutoka kwa mtengenezaji. Hapo ndipo mfumo endeshi unapofika ukingoni na kusema kwamba sasa namhitaji chifu, na chifu alishahama.

Basi tununue mpya, atasema mwenye uwezo. Mpya ya leo ni kuukuu ya 2032, na programu yake dhibiti itaachwa yatima vile vile. Swali halibadiliki hata kifaa kikiunganishwa hapa jirani, kama simu zinazotoka katika kiwanda kilichozinduliwa Athi River Oktoba 2023, mwendo mfupi kutoka Kitengela: masahihisho ya chini kabisa, yale ambayo hayaonekani kwenye kioo, yataendelea hadi mwaka gani? Umoja wa Ulaya umeamua kulifanya swali hili kuwa sheria. Kanuni yake ya usalama wa bidhaa za kidijitali, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024 na ambayo masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 2027, inamtaka mtengenezaji atangaze kipindi cha msaada, na kwa kawaida kisipungue miaka 5. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria mpya ili tuanze. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Sioni maelezo yanayohitajika zaidi kuliko siku ambayo kompyuta itaacha kutibiwa.

Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa, na ilianza zamani. Tangu 2016 mpango wa masomo ya kidijitali ulisambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma nchini kote, kupitia miungano miwili iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT. Kaunti nazo hununua, wabunge hununua kwa fedha za NG-CDF, na wafadhili huleta makontena ya kompyuta zilizotumika. Zabuni za vifaa hivi hupenda kutaja ukubwa wa kumbukumbu, wa diski na wa kioo. Ninachopendekeza ni mistari mitatu zaidi: tarehe ya mwisho ya masahihisho ya programu dhibiti, kama masahihisho hayo huja kupitia mfumo endeshi au yanahitaji mtu wa kuzunguka shule hadi shule, na kama betri ya saa inaweza kubadilishwa bila kuivunja mashine. Atakayesema mistari hiyo itapandisha bei huenda ana haki kidogo, lakini na aeleze pia bei ya darasa zima la mashine zilizofungiwa nje ya mtandao kwa sababu ya tarehe.

Kwa mnunuzi wa mmoja mmoja anayekwenda mjini kutafuta ex-UK, mambo ni rahisi zaidi. Muuzaji anaweza kuombwa aweke CR2032 mpya, kisha aiwashe mashine na kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya BIOS. Pale, Windows ikiwa haijaamka, kwa kawaida huandikwa toleo la programu dhibiti na siku ilipotolewa. Ikiwa ni ya 2013, mnunuzi ajue kwamba anaachiwa mashine ambayo kwa muda mrefu imetunzwa na mfumo endeshi peke yake, na apige bei akilijua hilo, kabla hajabonyeza nambari yake ya siri ya M-Pesa.